Seva Iliyotoka Jandoni

Sehemu ya Sita

Mara ya mwisho mliniacha mlangoni pa chumba cha seva, nimeshika funguo ambazo hazifungui tena. Anayeanza kusoma leo nitamweleza kwa ufupi, maana sina hamu ya kurudia matusi niliyokwisha kuyaandika.

Naitwa Carlota, binti wa Celestino. Mwaka 2007 nilikuwa fundi wa kompyuta wa Mradi wa Afya Mwambao, Mtwara mjini. Nilisimamia barua pepe za ofisi kuu na za zahanati tisa, kuanzia Msimbati hadi Kilambo kando ya mto. Baba yangu alikuwa mlinzi wa ghala letu la Mtawanya.

Februari mwaka ule zahanati ya Kilambo iliomba dripu kwa ajili ya wagonjwa wa kipindupindu. Dripu hazikufika. Watu watatu wakafa. Mkurugenzi wetu, Bwana Zuberi Nampunju, akatangaza kwamba barua ya kuziomba ilipotelea kwenye seva, kompyuta kuu inayopokea barua zote, kwa uzembe wangu.

Nikasimamishwa kazi. Jumatano tarehe 14 Machi, saa tatu asubuhi, niliitwa mbele ya kamati. Wakiniona nina hatia, faili langu linakwenda polisi kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo swali lililokuwa mezani lilikuwa moja. Niliua watu watatu, au sikuua?

*

Kamati ilikuwa na watu wanne. Mwenyekiti alikuwa Daktari Emmanueli, mzee mkavu, asiyependa maneno mengi. Kulia kwake Bwana Zuberi. Kushoto Sudi, Mkuu wa Ugavi, ambaye pia ni mpwa wa Bwana Zuberi. Mwishoni mwa meza Bi Hawa wa utumishi, na kalamu yake.

"Shikamooni," nilisema.

Daktari peke yake ndiye aliyeitikia.

Bwana Zuberi alikuwa na mafaili mawili ya kahawia. Akagonga la kwanza kwa kidole. "Hili ni lako." Akagonga la pili. "Hili ni la baba yako. Maombi yake ya uraia bado yanangoja barua yangu. Nimelileta ili tukumbuke nani kamlea nani hapa."

"Baba yangu hahusiki na seva," nilisema.

"Ndiyo maana nimesema tukumbuke tu."

Sudi akacheka. "Watu wa ng'ambo bwana. Ukimpa kiti, anataka na meza."

Nimezaliwa Mtwara. Nimesoma Mtwara. Baba ndiye aliyevuka Ruvuma, mwaka 1972, akikimbia vita ambavyo Sudi hakuwa amezaliwa kuvisikia. Hasira niliihifadhi, nikijua nitaihitaji baadaye.

"Tuanze," alisema Daktari. "Binti, eleza. Polepole, mimi si mtu wa mashine."

*

Nikaeleza. Naeleza tena hapa, kwa sababu kesi nzima imelala humo.

Seva yetu ya kwanza iliitwa Korosho. Kompyuta ya kila zahanati ilikuwa imeandikiwa ndani yake: ukitaka barua, mwite Korosho. Ikiita, seva inatoa kwanza cheti cha usalama chenye jina lake. Kompyuta inasoma jina lililo kwenye cheti na kulilinganisha na jina iliyoliita. Yakilingana, wanazungumza kwa siri. Yasipolingana, inasimama na kumuuliza mtu: jina hili silo, tuendelee?

"Daktari, ni kama chupa ya damu," nilisema. "Kabla hujamtundikia mgonjwa, unasoma lebo. Jina la kwenye lebo na jina la mgonjwa yakitofautiana, unafanya nini?"

"Naacha."

"Hata kama mgonjwa unamfahamu?"

"Hasa kama namfahamu. Ndipo mtu anapojisahau."

"Basi hapa ofisini tuliwafundisha watu sitini kutundika damu bila kusoma lebo."

Bi Hawa akainua kalamu. Bwana Zuberi akainua sauti.

"Anataka kunitukana kwa mifano!"

"Nataka kusema kilichotokea tarehe 5 Februari, Mkurugenzi. Ulikuwepo."

*

Tarehe hiyo mashine mpya ilifika. Bwana Zuberi akaamua kuifanyia sherehe.

Huku kwetu, Mmakonde, Mmakua na Myao, sote tunajua: mtoto akitoka jandoni anapewa jina jipya. La utotoni linazikwa. Ukimwita kwa jina lile, umemtukana, na faini utatoa. Ni desturi nzuri kwa watoto.

Bwana Zuberi aliipeleka kwenye seva.

Mashine ikafunikwa kanga. Pilau likapikwa. Wakaja wapiga ngoma wawili kutoka Mtawanya, akinamama wa jikoni wakapiga vigelegele. Kanga ikafunuliwa, na Mkurugenzi akatangaza kwamba kuanzia leo seva inaitwa Nampunju, jina la marehemu babu yake. Watu wakacheka na kushangilia. Mimi pia nilipiga makofi, nakiri.

Kesho yake ukatoka waraka. Naukumbuka neno kwa neno: "Seva sasa inaitwa Nampunju. Jina la utotoni halitajwi wala haliandikwi. Atakayelitaja atatoa kreti la soda."

Nikaenda ofisini kwake. "Mkurugenzi, lazima waraka utaje jina la zamani. Watu wa zahanati watajuaje wafute lipi?"

"Carlota, unataka nikudai soda?"

"Na cheti tulichonacho kina jina la zamani. Tuombe kipya. Kitachukua wiki mbili."

"Mtu ametoka jandoni, ukoo mzima umemwona, anahitaji cheti cha nini? Tumia kile kile."

"Kila kompyuta italalamika. Itasema jina si la kuaminika."

Akasimama. "Jina la babu yangu si la kuaminika?"

"Kompyuta ndiyo itakayosema, si mimi."

"Basi waambie wabonyeze Endelea. Na lile jina la zamani lifutwe kwenye daftari la majina."

Daftari la majina ndilo linaloiambia intaneti yote jina fulani liko kwenye mashine ipi, yenye namba ipi. Neno lake la siri hakunipa mimi. Alimpa Sudi, kwa sababu, alisema, mambo nyeti hayaachiwi kila mtu. Niliandika dokezo la kurasa mbili: majina yote mawili yaelekezwe kwenye mashine mpya kwa miezi mitatu, ndipo la zamani lifutwe. Nilimkabidhi Mkurugenzi mkononi.

"Dokezo hilo liko wapi?" aliuliza Daktari.

Bi Hawa alifungua faili langu, akapekua ukurasa hadi ukurasa. "Halimo."

"Halimo kwa sababu halikuandikwa," alisema Bwana Zuberi.

"Bi Hawa," nilisema, "uligonga muhuri wewe mwenyewe. Tarehe 7 Februari."

Bi Hawa alitazama kalamu yake. "Nagonga mihuri mingi, Carlota."

Hivi ndivyo mtu anavyozikwa ofisini. Si lazima uongo. Inatosha mtu mmoja asikumbuke.

*

Shahidi alikuwa Sista Martha, muuguzi wa Kilambo. Alitoka huko alfajiri, kitambaa chake cha kichwa bado kina vumbi la barabara. Hakukaa.

"Niliandika Jumanne tarehe 27 Februari," alisema. "Saa kumi jioni. Niliomba dripu mia mbili. Nikasema wamelazwa kumi na wanne na wengine wanashushwa kwenye mitumbwi."

"Na barua yako haikufika," alisema Bwana Zuberi, akinitazama mimi.

"Nani kasema haikufika? Nilijibiwa."

Sista Martha akatia mkono mfukoni.

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Hii hapa, niliichapisha. 'Tumepokea. Dripu zinakuja Alhamisi. Stoo Kuu.' Nikawaambia wagonjwa. Nikamwambia Ines, yule mjamzito: vumilia, Alhamisi. Akawa ananihesabia siku kwa vidole." Akageuka kwa kamati. "Wakubwa, ningepiga simu ya nini, nami nimeshajibiwa? Kwetu kule simu inashika mtandao wa Msumbiji, ukisema 'haloo' tu salio limekwisha."

Sudi akasema haraka, "Stoo Kuu haikupokea kitu. Tulishakagua. Kwenye Nampunju hakuna barua ya Kilambo hata moja tangu Februari."

"Hata moja?" niliuliza.

"Hata moja."

"Sista Martha, wiki zote hizo hukushangaa kwamba ofisi kuu haikuandikii?"

"Nilidhani mmetusahau. Si kawaida yenu?"

Daktari alikohoa. Nadhani alikuwa anaficha cheko.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo lilinikosesha usingizi wiki nzima. "Sista, ukifungua barua zako, kompyuta inakuonya? Inasema jina la cheti silo?"

"Onyo gani?"

"Hapa mjini kila mtu analiona, mara tatu kwa siku. Wanabonyeza Endelea."

"Sijawahi kuliona. Yangu inafunguka vizuri tu. Nilisoma ule waraka wenu, lakini haukusema nibadilishe nini, nikaacha ilivyo."

Nikamgeukia mwenyekiti.

"Daktari," nilisema, "naomba kompyuta, dakika tano."

*

Bwana Zuberi alikataa. Daktari akamwambia yeye ndiye mwenyekiti. Ikaletwa kompyuta ya mezani ya Bi Hawa, nyaya zikavutwa hadi mezani.

"Kompyuta ya Kilambo bado inaita jina la zamani," nilisema. "Kama jina hilo lingefutwa, isingepata kitu. Kama lingeelekezwa kwenye mashine mpya, ningeona barua za Sista. Hakuna hata moja lililotokea. Inapata seva, na seva inatoa cheti chenye jina sahihi, ndiyo maana hakuna onyo. Ukiacha mashine mpya, seva yenye cheti hicho ilikuwa moja tu."

"Ile tuliyoitoa," alisema Daktari taratibu.

"Iko hai. Mahali fulani imewashwa."

Nikaliuliza daftari la majina: Korosho yuko wapi? Nilitaja jina kwa sauti. Kreti la soda waniandikie.

Namba ikaja. Inaishia na 22.

Ukutani, nyuma ya Bi Hawa, ilikuwa imebandikwa orodha ya namba zetu, kwa mwandiko wangu. 18, ofisi kuu. 19, seva mpya. 22, mnara wa intaneti wa ghala la Mtawanya.

Nikaiita mashine. Ikatoa cheti. Jina lilikuwa lile lile lililoitwa. Kompyuta haikulalamika hata kidogo.

"Nani alikuwa na neno la siri la daftari?" aliuliza Daktari.

Sudi alikuwa ameacha kucheka. "Mimi niliambiwa nifute. Nikafuta. Labda kuna mtu alirudisha."

"Labda," nilisema. Nisichoweza kuthibitisha sikisemi.

Daktari alivaa miwani yake. "Twendeni Mtawanya. Wote. Sasa."

*

Njiani sikuwaza ushindi. Niliwaza jambo moja ambalo sikulisema kwenye kamati, na ambalo sijawahi kuliandika hadi leo.

Siku ya sherehe, kabla mashine kuukuu haijaondolewa, nililetewa hati ya kuhamisha kifaa. Ilikuwa na kisanduku: "Kumbukumbu zote zimefutwa." Kufuta kulihitaji saa nne. Ngoma ilikuwa imeshaanza, Bwana Zuberi alikuwa anapiga kelele kwamba pilau linapoa, aliyeleta hati alikuwa amesimama kichwani pangu.

Nikaweka tiki. Nikatia sahihi. Sikufuta.

Cheti kikabaki ndani, na ufunguo wake wa siri, na masanduku yote ya barua. Kama ningefuta kweli, aliyeiwasha tena mashine angekuta sanduku tupu, na Kilambo ingepata onyo, na Sista Martha angepiga simu, salio liishe lisiishe.

Bwana Zuberi nilimkasirikia kwa ujinga wake. Mimi sikuwa mjinga. Nilijua, na nikaweka tiki.

*

Baba alikuwa langoni, sare yake imepigwa pasi. Alipoliona gari la Mkurugenzi akasimama wima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umerudishwa kazini?"

"Bado."

Daktari alimuuliza kwa heshima, "Mzee Celestino, kuna kompyuta humu ndani?"

"Ipo, nkubwa. Chumba cha nyuma."

Tukaingia. Tukapita katoni za vyandarua, tukafika kwenye mlango wa mbao. Ndani mashine ilikuwa inanguruma, taa ya kijani inawaka. Kasha lake lilikuwa na vumbi. Kibodi haikuwa na vumbi.

Nyuma yake, ukuta mzima, kuanzia sakafuni hadi darini, kulikuwa na katoni za dripu.

Sista Martha alipita katikati yetu, akaweka kiganja juu ya katoni moja. Akatazama mashine. Akatazama katoni. Hatua mbili.

"Ines alinihesabia kwa vidole," alisema. Akatoka nje, na hakurudi.

Daktari aliniambia nifungue sanduku la barua za stoo. Barua ya Kilambo ilikuwemo. Ilifika tarehe 27 Februari, saa kumi na dakika kumi. Ilisomwa. Jibu liliandikwa saa kumi na dakika ishirini na sita, na kumbukumbu za mashine zilisema aliyeandika hakuingia kwa intaneti. Aliketi hapa, kwenye kibodi hii.

"Mzee Celestino," alisema Daktari, na sauti yake sasa ilikuwa tofauti. "Mashine hii nani aliagiza isizimwe?"

"Ninayo karatasi, nkubwa. Mie sijui kusoma, lakini niliitunza."

Akaitoa ndani ya kofia yake. Daktari akaisoma, akanipa.

Ilikuwa hati ya kuhamisha kifaa. Tiki yangu. Sahihi yangu, si ya kughushi, ile ile niliyoitia nikisikia ngoma. Na juu ya sahihi, katika nafasi niliyoiacha wazi, pameongezwa mstari kwa taipu: "Mashine iwekwe Mtawanya na isizimwe hadi nitakapoagiza mwenyewe."

"Mstari huu sikuuandika mimi," nilisema.

"Na sahihi?" aliuliza Bwana Zuberi, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake.

"Sahihi ni yangu."

"Na hiyo tiki?"

"Yangu."

Daktari akamgeukia baba. "Nani alikuletea karatasi hii, mzee?"

Baba hakunitazama. Alimtazama Bwana Zuberi. Bwana Zuberi alikuwa ameegemea katoni za dripu, anajipepea usoni, taratibu, kwa faili la kahawia. Halikuwa langu. Lilikuwa lile la pili.

"Kaleta huyu ntoto wangu," alisema baba. "Kwa nkono wake."

"Na siku ya barua ya Kilambo? Jumanne, tarehe 27?"

"Alikuwa humu ndani. Jioni ile. Nilimfungulia mimi."

Jumanne tarehe 27 Februari, kuanzia saa nane mchana hadi magharibi, nilikuwa nyumbani kwetu Rahaleo. Nilikuwa nimekaa kitandani kwa mgonjwa wa malaria, nimeshika beseni, nampangusa uso kila anapotapika. Hakuna jirani aliyeingia. Mtu mmoja tu duniani anaweza kuithibitisha kauli yangu: mgonjwa mwenyewe.

"Baba," nilisema. "Jumanne ile ulikuwa wapi?"

Alijibu mara moja, akisimama wima kama alivyosimama langoni, na hakunijibu mimi. Alimjibu Bwana Zuberi.

"Nilikuwa hapa, nkubwa. Zamuni."